Siku Tisa za Kumuuguza Sefako

Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, Sefako aliruka ukuta wa zizi akamfuata farasi jike wa jirani. Alikuwa dume wa miaka miwili na nusu. Hamu anayo, adabu hana. Yule jike alimngoja akaribie vizuri, kisha akamtandika mateke ya nyuma mahali ambapo hakuna dume anayetaka kupigwa.

Mapuseletso, mwenye zizi, alimkuta Sefako bondeni, miguu ya nyuma ameitanua, kichwa ameinamisha. Uume ulikuwa umetoka wote katika ala yake, umevimba na kuning'inia kama soksi iliyojazwa mchanga, rangi yake zambarau. Mama yule hakumtukana. Hata nguvu ya kutukana hakuwa nayo. Alimfunga kamba akamkokota nyumbani polepole. Njia ya robo saa waliitembea saa nzima, upepo wa Septemba ukiwachapa kwa baridi ya theluji iliyokuwa bado vileleni.

Nyumbani alikuwapo mgonjwa mwingine. Mumewe Sekake alipigwa na kiharusi mwaka juzi, na tangu siku hiyo upande wake wa kushoto haukumtii tena. Binti yao wa pekee, Puseletso, alikuwa Maseru, mji mkuu, akishona katika kiwanda cha nguo. Kwa hiyo kumlisha Sekake, kumgeuza, kumwosha, kumbadilisha nguo, yote yalikuwa ya mikono miwili ya mkewe. Zamani Sekake alikuwa mtu wa farasi, mshindani anayejulikana Semonkong nzima, na Sefako ndiye aliyebaki peke yake katika uzao wa farasi alioachiwa na babu yake. Kitanda chake kilikuwa dirishani ili alione zizi. Siku ile aliona farasi anavyoingia, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Maji," alisema kwa ulimi ule mzito. "Ya baridi. Na usiuache uning'inie, Mama Puseletso."

Daktari wa mifugo, binti mmoja aitwaye Pulane, alifika Jumanne juu ya farasi wake. Alimchoma Sefako sindano ya kupunguza uvimbe, akapapasa, akatazama kama mkojo unatoka, akasema hapo wana bahati. Kisha akafundisha. Siku tatu za kwanza aoshwe kwa maji baridi, mara nne kwa siku; baada ya hapo maji ya uvuguvugu. Kila akishaoshwa, uvimbe uminywe taratibu kwa viganja kuanzia chini kwenda juu, upakwe dawa na mafuta ya mgando ngozi isikauke ikapasuka, halafu uinuliwe kwa kitambaa na kufungwa tumboni. Atembezwe kidogo asubuhi na jioni. Majike asiwaone kabisa. Zikipita siku kumi haujarudi ndani, alisema Pulane huku akikunja mikono ya koti lake, itabidi ukatwe.

Mapuseletso alikata shimizi yake ya pamba, akaitoboa matundu ya kupitisha mkojo, akaishonea kamba za kuzungushia kiunoni mwa farasi. Na kazi ikaanza. Maji aliyateka kijitoni, ndoo kichwani, vidole vikifa ganzi kabla hata hajafika zizini. Siku ya kwanza Sefako alimkanyaga mguu. Siku ya pili alipiga ndoo teke maji yakamwagika yote, ikabidi arudi kijitoni. Siku ya tatu farasi alitulia, akawa anaegemea bega lake kwa uzito wote kama mlevi anayesindikizwa nyumbani, na hilo lilimchosha zaidi kuliko mateke.

Wanawake waliokuwa wakifua kijitoni walishapata habari.

"Mama Puseletso," mmoja alimwambia, "wenzio tumeshindwa na waume wa nyumbani, wewe umeongeza na wa zizini?"

"Njoo nikugawie mmoja," alijibu bila kugeuka. "Chagua mwenyewe." Wakacheka, naye akacheka kidogo, akajitwisha ndoo.

Mohapi, mdogo wake Sekake, alikuja siku ya tano, blanketi la kujitanda limebanwa vizuri begani, fimbo mkononi. Alisimama ukutani akatazama namna shemeji yake anavyominya na kupaka, akasema ile si kazi ya mwanamke, ni aibu. Mapuseletso akamwomba basi amshikie farasi kichwa. Mohapi akasema mgongo unamsumbua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliingia ndani akanywa chai na kaka yake, akaondoka jua likiwa bado juu.

Siku ya sita Mapuseletso alilala kwa kusimama. Alikuwa ameshamaliza kufunga kitambaa, akaweka paji la uso ubavuni mwa farasi ili apumzike kidogo tu, na joto lile likamchukua. Alipozinduka kivuli cha ukuta kilikuwa kimevuka zizi lote. Alikimbilia ndani. Sekake alikuwa hajala tangu asubuhi, na shuka lilikuwa limelowa kwa saa nyingi kuliko alivyopenda kuhesabu. Hakuwa amemwita. Alikuwa amemwona dirishani muda wote ule, amesinzia ubavuni mwa farasi, akaamua kumwacha apumzike.

Mapuseletso alimgeuza, akavuta shuka, akaanza kumfuta. Katikati ya kazi mikono ikasimama.

"Nimechoka, Baba Puseletso," alisema. Kwa miaka miwili hakuwa amelitamka neno hilo chini ya paa lile. "Sijui nikwambieje. Nimechoka mpaka nikikuona nachoka."

 Sekake akasema aitwe Mohapi.

Mohapi alipofika asubuhi yake alidhani kaka anakata roho, maana alivua kofia mlangoni. Sekake alimwambia akae. Alikusanya maneno moja moja, mate yakimtoka pembeni ya mdomo, wala hakumruhusu mkewe ayafute.

"Blanketi lako," alisema, "litundike pale. Huondoki mpaka farasi apone. Mgongo wako tutauangalia baadaye."

Mapuseletso alilala mchana ule kuanzia saa tano mpaka jua lilipozama. Hakuota chochote. Zizini Mohapi alipigwa teke la paja, akapaka mafuta mpaka kwenye kamba, akafunga kitambaa nyuma mbele. Lakini ndani, alipomwosha kaka yake kwa mara ya kwanza, hakulitamka tena neno aibu. Alitoka na beseni akalisuuza mwenyewe.

Uvimbe ulipungua polepole. Siku ya tisa, asubuhi, Mohapi alifungua kitambaa akakikuta kitupu. Alimwita shemeji yake kwa sauti ya chini, kana kwamba akipaza sauti mambo yatageuka. Uume ulikuwa umerudi ndani ya ala.

Pulane alikuja akathibitisha. Limebaki kovu, alisema. Huenda atazalisha, huenda hatazalisha, lakini ukuta ataruka tena majike wakiwa kwenye joto. Angekuwa wake, angemhasi Aprili, baridi ikianza na nzi wakiisha. Sekake alisikiliza yote. Uzao wa babu yake ulikuwa umesimama pale nje ukitafuna majani makavu.

"Mwulizeni aliyemuuguza," alisema.

Mapuseletso hakuomba muda wa kufikiri. Alisema ahasiwe, kwa sababu mara ya pili hataiweza. Sekake aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka chai ilipochemka, kisha akaomba kikombe, na sukari iongezwe.

Mohapi alichukua blanketi lake akaenda kwake, akaahidi kuja kila Jumamosi amwoshe kaka. Alikuja Jumamosi mbili. Ya tatu hakuonekana. Mapuseletso alingoja mpaka saa nne, akajifunga blanketi, akapanda mlima hadi kwa Mohapi, akaketi kwenye kigoda mlangoni pake. Hakusalimia sana, hakulaumu. Alikaa tu, miguu ameinyoosha, mpaka Mohapi alipoweka bakuli la uji chini na kutafuta viatu vyake.