Kichwa cha Mwisho cha Kinyozi

Mume wangu alikuwa kinyozi tangu kabla sijamjua, na mpaka leo mtaa mzima humwita Kinyozi, hata watoto ambao hawajawahi kumwona na mashine mkononi. Mimi pia humwita hivyo nikitaka kumchokoza. Nikiwa na shida ya kweli, humwita Mzee wangu.

Alifunga banda lake mwaka jana. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kwanza akiwa ameshika kikombe, baadaye hata akiwa hajashika kitu. Aliendelea na kazi kimyakimya mpaka siku alipomkata sikio mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka na miaka. Halikuwa jeraha kubwa. Mwalimu alilibana sikio kwa leso, akalipa kama kawaida, akasema sikio lenyewe lilikuwa limeanza uvivu wa kusikia, bora limepewa onyo. Mwezi uliofuata akarudi, akakaa kwenye kiti kilekile. Kila nikikumbuka alivyorudi, namwombea heri yule mzee. Lakini Kinyozi alimwinua kwa adabu, akamwambia atafute mwingine, na jioni ile akaja nyumbani na kiti chake begani.

Kikabaki kichwa kimoja tu alichokubali kukigusa, nacho ni changu.

Mimi mvi zilinianza mapema. Nilikuwa nimembeba kitinda mimba wetu mgongoni, niko kwenye foleni ya kliniki, mwanamke mmoja akaniuliza, tena kwa nia njema kabisa, "Bibi, mama yake mtoto amekwenda wapi?" Pale nilicheka. Nilipofika nyumbani nililia. Kinyozi hakuniambia kwamba mvi ni hekima, wala hakuniambia niache upuuzi. Alitoka, akarudi na pakiti ya piko, akanikalisha uani, akanipaka kichwa kizima mpaka nikawa mweusi kama chungu kipya. Tangu siku ile, mvi zikichungulia tu kwenye mashina, alinipaka yeye. Miaka yote hiyo sikujipaka mwenyewe, wala sikuwahi kwenda kwa mtu mwingine.

Zamani alikuwa akinipaka harakaharaka, amechoka na kazi za mchana. Baada ya kufunga banda ikawa shughuli kamili. Siku ya piko aliamka mapema kuliko mimi. Alivaa koti lake jeupe la kazini, akaweka kiti barazani, akachemsha maji, akakoroga piko kwenye bakuli la bati mpaka likawa zito kama uji wa mgonjwa. Alinipaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso na nyuma ya masikio ili rangi isishike ngozi. Kisha alinitandikia taulo mabegani na kuniuliza, kama vile ndiyo kwanza naingia bandani kwake, "Haya mama, leo tunafanyaje?"

Nami nilimjibu, "Nirudishe usichana, ila usizidishe, nisije nikatoroshwa."

Siku ya piko alikula vizuri na kusimulia habari za wateja wake wa zamani, wengine marehemu. Siku nyingine alikaa dirishani akitazama barabara. Ukimuuliza anatazama nini, alisema, "Vichwa."

Shida ilikuwa mkono. Mswaki wa kupakia ulikwenda ulikotaka. Aliruka mahali hapa, akapaka sikio pale, michirizi ikashuka mpaka shingoni. Ila yeye hakupata kuyaona hayo, au ndivyo nilivyofikiri, kwa sababu tulikuwa na mjukuu wetu nyumbani. Binti huyo alikuwa akiuza vitambaa dukani, na siku ya piko aliomba ruhusa ya mchana. Babu yake akishaingia kulala baada ya chakula, alinivuta bafuni, akakwangua mabaki ya piko kwenye bakuli, akaziba palipoachwa. Halafu alinifuta masikio kwa pamba na mafuta, taratibu, kama anayefuta sahani za harusi.

"Geuka, bibi. Babu ameacha uwanja mzima wa mpira hapa nyuma."

Hakuna aliyemtuma. Wala hatukuwahi kukaa tukapanga. Alianza tu siku moja, na siku iliyofuata akaendelea. Kinyozi alipoamka alinizunguka kichwa, akaguna kwa kuridhika, akasema mkono umezeeka lakini kazi bado ipo. Mimi na mjukuu wangu tulitazama chini.

Sasa niseme la moyoni mwangu. Wakati huo piko lenyewe sikulitaka tena. Ngozi ya kichwa ilikuwa ikiniwasha siku nzima baada ya kupakwa, na muuguzi wa zahanati alikuwa ameshanishauri niliache. Tena hata bila kuwashwa, nilikuwa natamani kukiona kichwa changu chenyewe kabla sijafa. Nimekificha muda mrefu mno. Lakini ningeanzaje? Kumwambia mtu aliyefunga banda lake kwamba hata kichwa kimoja alichobaki nacho hakimhitaji tena ni sawa na kumfungia dirisha analokaa. Nikasema moyoni, acha kiwashe. Kuna watu wanaovumilia makubwa zaidi.

Ndipo mjukuu akapata kazi mji mwingine. Tulimshukuru Mungu, tukamfungia mizigo. Asubuhi ya kuondoka alinipa mfuko wa pamba na mswaki mpya, akaninong'oneza nijitahidi na kioo.

Siku ya piko iliyofuata, Kinyozi akiwa amelala, nilijitahidi. Mbele niliweza kidogo. Lakini wahenga walisema kisogo si mwenzio, na mimi nikayaona. Mashimo niliyokuwa nadhani nimeyaziba sikuyaziba, na niliyoyaziba hayakuwa mashimo. Nikajifunga kitambaa. Kinyozi akiniuliza, nilimwambia kichwa kinasikia baridi. Nikakaa nacho mchana, nikalala nacho, wiki baada ya wiki.

Hata hivyo kitambaa huteleza. Siku moja sokoni kiliniponyoka nikiwa nimeinama, na fundi cherehani, jirani yetu, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akaniuliza, "Bibi, hicho kichwa ni chako au umeazima kwa chui?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana kwa kweli lilikuwa neno zuri. Muuza mboga peke yake hakucheka. Alichovya ncha ya kanga yake kwenye maji aliyokuwa akinyunyizia mboga, akanivuta karibu kana kwamba ananipa siri, akanifuta nyuma ya sikio ambako piko lilikuwa limeganda tangu lini sijui. Halafu akaninyooshea kitambaa, akaniuliza nataka nyanya au vitunguu.

Siku ya piko ikafika tena. Kinyozi akavaa koti. Kiti kikawekwa barazani, maji yakachemshwa. Nikakaa. Nilitaka kusema kichwa kinaniuma, tuahirishe, lakini alikuwa ameshakishika kitambaa kwa nyuma. Akakivua.

Mashina yalikuwa meupe kichwa kizima, hilo alilitarajia. Lakini pale alipopakosa mara iliyopita, weupe ulikuwa umepanda mpaka nusu ya nywele, mabaka kwa mabaka, na kinyozi yeyote angesoma habari yote hapo. Alinizunguka polepole. Nikasikia kandambili zake zikikwaruza sakafu, nyuma, kushoto, mbele. Akasimama mbele yangu.

"Mjukuu wako alikuwa akinifichia mengi," akasema.

Nikajivutia taulo mabegani.

"Ulifikiri sijui? Mimi napaka kwa kusimamisha mswaki, yeye anaulaza. Mkono wa mtu mwingine kwenye kichwa chako nitaukosaje?"

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Wewe unapenda nywele nyeusi. Nikikiri siwezi, nani atakupaka? Nikaona bora twende hivyohivyo, watatu."

"Nani kakwambia napenda?"

Akanishangaa. "Si ulilia."

"Nililia mara moja, Mzee wangu. Na mtoto mwenyewe niliyembeba siku ile sasa ana ndevu na kitambi."

Hapo alicheka, akaegemea nguzo ya baraza, na mimi nikacheka mpaka taulo likaanguka. Nikamwambia yote, habari ya kuwashwa, habari ya muuguzi, hata ya chui. Nilijisikia mwepesi. Ila kicheko kilipoisha nilimwona usoni, nikajua nimefanya nini. Alichukua bakuli, akamwaga lile piko alilokwisha kulikoroga, akaanza kuliosha. Aliliosha likatakata, akaendelea kuliosha. Kisha akavua koti jeupe, akalikunja vizuri sana, akaliweka juu ya kiti cha pembeni.

"Basi," akasema. "Hilo litafaa tambara la jikoni."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Alikuwa anageuka kuelekea dirishani kwake.

Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti chake. Sikuwa nimepanga neno, ila nilijua nikisimama tu, kile kiti hakitakaliwa tena na mteja.

"Kinyozi," nikasema, "hujaniuliza leo tunafanyaje."

Akasimama. Hakugeuka.

"Ninyoe. Hii nyeusi yote itoe, ibaki ya kwangu."

"Mimi sishiki mashine. Unajua."

"Najua."

"Na sikio la mwalimu?"

"Mwalimu alirudi, Mzee wangu. Ni wewe uliyemfukuza."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, na nikasikiliza mchi ule nikiwa nimefumbata mikono mapajani. Kusubiri ninakuweza, nimelea watoto na wajukuu. Mwishowe Kinyozi aliingia chumbani, akatoka na sanduku lake la mbao.

Aliipaka mashine mafuta. Akachagua kile kitana kinachovishwa mbele ili meno yasifike kwenye ngozi, akajaribu kukivisha. Hakikuingia. Mkono ulitetemeka mpaka kitana kikawa kinagonga mashine, ta-ta-ta, kama meno ya mtu mwenye homa. Nilitamani kunyoosha mkono nimsaidie. Sikunyoosha. Kilimponyoka, akainama akakiokota, akakipuliza, na mara hii kikaingia.

Kisha akaniwekea mkono wa kushoto utosini, na kabla mashine haijanigusa, akakiegemeza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kwenye fuvu langu. Hivyo ndivyo alivyowafundisha vijana wake wote bandani, egemeza kidole kwanza, mkono unaoning'inia hewani ni wa mlevi. Kwenye piko huwezi kuegemeza, rangi itaharibika. Kwenye mashine unaweza. Niliusikia mtetemo wake ukiingia kichwani mwangu kupitia kile kidole, halafu ukapungua. Haukuisha, sitasema uongo. Ulipungua, kama mtoto aliyelia akachoka akabaki na kwikwi.

Akawasha. Kishungi cha kwanza kikaniangukia mapajani, cheusi tii, na mwanzo wake mweupe. Alikwenda polepole, mstari kwa mstari, kutoka kwenye paji kurudi nyuma. Alipolikaribia sikio la kulia, akazima mashine. Nikasikia anavyopumua. Alibaki hivyo, na mimi sikumwambia usiogope, maana maneno kama hayo humwogopesha mtu zaidi. Nililikunja sikio langu kwa kidole, nikamshikia, kama walivyofanya wateja wake wote. Mashine ikawaka tena. Ikapita. Nikalikunja la pili, nalo likapita.

Alipomaliza alinipangusa shingo kwa brashi yake laini, akaleta vioo viwili, kimoja nikishike mbele na kingine akishike yeye kisogoni. Kile cha nyuma kilichezacheza, lakini niliona. Nilimwona mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, ila mimi masikio yangu ni makubwa zaidi. Nywele zilikuwa fupi na nyeupe, nyeupe ya unga uliochekechwa, siyo ile ya majivu niliyokuwa nikiiogopa. Nikapitisha kiganja. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kifungu kidogo alichokisahau, kirefu kama kucha. Nikatoa mkono pale, nikaupeleka utosini.

"Mbona ulinificha kichwa hiki chote?" akaniuliza.

"Ulikuwa unakipaka wewe."

Akaguna. Alifagia nywele mwenyewe, nyeusi na nyeupe pamoja, akazichota kwenye kizoleo. Nilileta chai. Kikombe kilitetemeka mkononi mwake vilevile kama jana, chai ikamwagikia kisosi, na mimi nikatazama barabara mpaka alipokiweka chini. Koti jeupe lilikuwa bado limekunjwa pale pembeni. Akalinyanyua, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni.

"Nywele zako huota haraka," akasema. "Mwezi ujao zitataka kupunguzwa. Usije ukaenda kwa mtu."

Nikamwambia nitakuja kwake, ila apunguze domo, maana vinyozi wana maneno mengi.