Mgomba Ndani ya Suti ya Babu

Nalala mchana, jua kali, kivulini kwa nyumba ya Bibi Anastela, pembeni ya mgomba waliouvika suti ya Babu. Kesho wanauzika. Baba mdogo Zebedayo ndiye kaamua: Babu alifia kizuizini, maiti hatukupewa, basi tuzike mgomba kama watu wa kwetu wanavyofanya, tumalize. Bibi kagoma kula. Anasema, mimi sikuolewa na mgomba. Anataka kujua mume wake kalazwa wapi, basi. Nafumba macho, ukuta unafunguka kama pazia, nimeshaingia.

Barabara haina mwisho. Mbele anatembea mtu hana uso, laini kama yai. Wewe, nipeleke kwa Babu, Mheshimiwa Rwegoshora, yule aliyekuwa waziri. Yupi, anauliza, wa kubebwa, wa kutukanwa au wa kusahauliwa? Acha mafumbo bwana, mimi niliishia darasa la tano. Anacheka, mdomo hana, sijui anachekea wapi. Tunafika mjini, watu wamembeba Babu mabegani, bado kijana, anapaza sauti Uhuru! na mji mzima unaitika. Babu! naita, lakini mji unageuka kama kwenye kioo, kulia inakuwa kushoto, watu ni wale wale, sasa wanamwambia shuka, msaliti, na mama aliyekuwa akimpepea kwa kanga anamtupia kiatu. Mama, si jana tu mlimbeba? Mwanangu, jana redio ilikuwa haijasema. Barabara inajikunja, mji ni ule ule, kimya, namtaja Babu wananiuliza nani? Shule yenye jina lake wanaipaka chokaa. Hata mimi jina linaniponyoka, Rwego, Rwe, nalishika kwa meno, nakimbia.

Nyuma ya ukuta mrefu nampata, mzee, peku, analima mihogo ya gereza. Shikamoo Babu. Marahaba, wewe wa nani? Mjukuu wa Anastela. Anaacha jembe. Bado ana hasira? Babu, umelazwa wapi, sema haraka, kesho wanazika mgomba. Anacheka hadi anakohoa. Wameuvika suti ipi? Ya bluu. Ah, ile inabana kwapani. Babu, wapi! Anafungua mdomo, na ng'ambo ya ukuta umati unaanza, Uhuru! Uhuru! naye, mjinga huyu, baada ya yote waliyomfanyia, ananyoosha ngumi anaitika. Nyamazeni, nalia, nyamazeni! Midomo yake inacheza, nasikia Kito, nasikia kama Kitongamba, au ni umati, au ni damu masikioni mwangu.

Bibi ananitikisa. Ulikuwa unamwita. Kasema wapi? Kitongamba, namwambia. Nimesikia, sijasikia, Mungu wangu, sijui. Bibi kashasimama. Zebedayo, beba majembe. Mama, Kitongamba ndiyo wapi? Tutauliza njiani. Tunatoka. Najifinya mkono, siumii. Kila tunayemuuliza anaonyesha upande wake, na Bibi anawaambia wote asante.