Sebule Juu ya Lami

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu, nyumba ya fundi saa ilikuwa imeshavuka barabara. Jana yake ilikuwa kulia, upande wa upinzani. Sasa ilikuwa kushoto, upande wa chama tawala, na fundi mwenyewe alikuwa kibarazani anapiga mswaki. Karani wa takwimu aliandika badiliko hilo, akamsalimia, akaendelea na mzunguko wake.

Katika mtaa ule mtu akibadili chama, nyumba yake huhama usiku, na ofisi ya takwimu hutaka kujua kila mwezi nani amevuka. Mwezi huu wengi walikwenda kushoto. Serikali ilikuwa inachimbia bomba la maji, kushoto tu. Karani aliongeza sentensi moja kuhusu bomba katika ripoti. Bosi wake akaifuta.

"Sisi tunahesabu wamehamia wapi, dada. Kwa nini, hayatuhusu."

Jumanne karani aliamshwa na honi chini ya dirisha. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa katikati ya barabara: jiko kushoto, chumba cha kulala kulia, sebule juu ya lami.

"Baba watoto," alimwita mumewe, "umebadili chama bila kuniambia?"

"Nimechoka kubeba ndoo. Na wewe?"

"Mimi sijabanduka."

"Basi ndiyo maana tumekwama."

Mama mkwe, aliyekuwa sebuleni, alisema kura yake haitangazi, kisha akaulizia chai.

Adhuhuri afisa wa barabara alifika na tingatinga. Waziri angepita Alhamisi kwenda kuzindua bomba. Nyumba isipotoka njiani kufikia hapo, ingebomolewa. Karani na mumewe wakabishana siku mbili, yeye chumbani, mume jikoni, mama mkwe katikati akipeleka ujumbe na kuutia chumvi. Hakuna aliyelegeza kamba. Nyumba nayo haikusogea hata unyayo.

"Kwani huo msafara unataka nini?" mama mkwe aliuliza Alhamisi asubuhi. "Si kupita tu? Fungueni milango, upite."

Wakasogeza makochi ukutani. Msafara ulikuja, ukakunja vioo vya pembeni, ukawa unaingia mlango huu na kutokea ule. Gari la waziri lilipofika kwenye zulia, mama mkwe aliinua mkono.

"Karibu, Mheshimiwa. Ila matairi yafutwe."

Dereva alishuka, akayafuta. Waziri alisifu mapazia. Tingatinga likarudishwa lilikotoka.

Jioni mafundi wa bomba waliunganisha jiko, kwa kuwa lilikuwa kushoto, na maji yakatoka kwa nguvu. Majirani wa kulia hawakuunganishiwa. Karani akafungua dirisha la chumbani, akaweka stuli chini yake, nao wakapanda na ndoo zao, wakapanga foleni kutoka kitandani kwake hadi kwenye sinki. Mume aliwajazia, mama mkwe aliwagombeza kwa matope.

"Shemeji, chama chako kina maji baridi!"

"Kunywa, usinisomee ilani."

Ijumaa bosi wa takwimu alipita mtaani, akaiona foleni, akaihesabu: watu arobaini. Taarifa ya mwezi ilitoka Jumatatu: chama tawala kimeongeza wafuasi arobaini. Nyumba za kulia zilikuwa bado kulia, na hazikuwa na maji.