Hasira Zetu kwa Kiingereza

Mimi nina hasira za karibu, na mke wangu Honorata ana Kiingereza. Kwa miaka yote ya ndoa yetu vitu hivyo viwili havikuwahi kuhitajiana, mpaka kampuni ya kokoto ilipoanza kuvunja kilima juu ya mtaa wetu hapa Ujiji.

Kokoto ni za barabara, na barabara ni ya wafadhili. Hatuna ugomvi na barabara. Ila udongo wanaoukwangua, katapila linausukuma mpaka kijitoni. Mvua ikinyesha kijito kinaziba, kinafurika, kinapita kwenye vyoo vya watu, kisha kinakwenda kumwaga kila kitu ziwani, palepale tunapochota maji. Zamani uliingia ziwani mpaka kiunoni ukaona vidole vyako vya miguu. Siku hizi unachota ndoo, unaisubiri itulie, halafu nusu unaimwaga. Mtatuambia tuchemshe. Tunachemsha! Ukichemsha tope unapata tope la moto, na mtoto wa miaka mitatu huwezi kumziba mdomo anapooga.

Mtoto huyo ni Esther, wa pekee, tuliyempata tukiwa tumeshakata tamaa. Tangu mvua zianze tumemlaza mara mbili kwa kuharisha. Anapona, tunamrudisha nyumbani, anaugua tena, na kila tukimbeba kwenda hospitali ninamwona amekuwa mwepesi zaidi mikononi mwangu.

Mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka kwa wafadhili alikuja kusikiliza wananchi. Alikuja na mkalimani, kijana wa mjini anaitwa Pastory. Mimi nashona nyavu, si mtu wa hotuba, lakini siku ile nilisimama nikamwaga yote: kilima, vyoo, mtoto, mpaka mate yakanikauka. Pastory akanitafsiri kwa sentensi moja. Kando yangu Honorata akafumba macho.

"Kasema nini?" nikamuuliza.

"Kasema hujafurahishwa na rangi ya maji."

Nikamvuta mkono asimame aseme yeye. Alikuwa na aibu, Kiingereza chake ni cha kidato cha nne na miaka michache aliyofanya kazi kwenye nyumba ya wageni. Alipopata ujasiri, gari lilikuwa limeshawaka.

Basi tukaamini, mtaa mzima, kwamba tatizo letu ni udogo wa Kiingereza. Tungepata Kiingereza kikubwa, mambo yangekwisha. Mwenyekiti wa mtaa, Leonardi, alipotutangazia kwamba mgeni anarudi Alhamisi, tukakusanyika uani kwangu Jumapili baada ya ibada, Waislamu na Wakristo, tumtafutie Honorata maneno. Yeye alikaa kwenye kigoda na kamusi mapajani.

"Tumekasirika," alisema Leonardi. "Hilo linaitwaje?"

"Angry."

"Dogo hilo," nikasema. "Hata mimi nalijua. Leta kubwa."

Akapekua. Akatuambia kuna *furious*, hasira ya mtu anayetafuta kitu cha kuvunja. Kuna *livid*, hasira mpaka uso unabadilika rangi. Watu wakabishana kweli. Wengine walisema tusimtishe mgeni, wengine wakasema ndiyo dawa yake. Mzee Havyarimana, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana na kuzeekea hapahapa, akanyoosha mkono.

"Na ishavu je?" akauliza.

"Shikamoo yako mzee, ishavu ndiyo hasira hiyohiyo," alisema Leonardi.

"Oya, sivyo. Hasira unapiga kelele inatoka. Ishavu linakaa." Akajigusa chini ya koo. "Unakula nalo, unalala nalo."

Honorata akalitafuta neno hilo kwenye kamusi mpaka tukachoka kumsubiri. Akasema ataliunganisha kwa maneno mengi.

Tukaingia kwenye maji. Hapo tulifurahi, Mungu anisamehe, tulifurahi kama tunachagua vitenge. *Muddy* likakataliwa, likaonekana la watoto. *Murky* likapita: maji usiyoweza kuona chini yake. *Turbid* likapigiwa makofi, kwa sababu Honorata alisema ni maji yaliyotibuliwa ambayo tope lake halipati nafasi ya kutulia, na hata sauti yenyewe ya neno ilikuwa nzito. Tukalitamka wote pamoja. Wale watu walipoondoka uani kwangu walikuwa wanatembea vifua mbele.

Alfajiri ya Alhamisi Esther alianza tena. Tulipofika hospitali macho yalikuwa yameingia ndani na hana hata machozi ya kulilia sindano. Wakamtundikia dripu. Nikamwambia Honorata abaki, mimi nitakwenda mkutanoni niseme vyovyote nitakavyojua.

"Nikibaki hapa nitamwangalia tu," alisema. "Kule angalau nina cha kusema."

Tukamwacha mtoto na mama yangu, bibi Yunisi. Honorata aliingia mkutanoni na kanga ileile aliyombebea Esther.

Alipewa nafasi ya kwanza. Sikuelewa mengi, lakini maneno niliyosaidia kuyachagua niliyatambua yakipita, na kila moja lilipopita watu walitazamana na kutikisa vichwa. Alisema *furious*. Alisema *murky*. Alieleza kitu akijigusa chini ya koo, na mzee Havyarimana akainama. Alisema *turbid* taratibu, akionyesha ziwa kwa mkono. Kisha nikasikia jina la Esther, na sauti yake ikakatika, akaendelea mpaka mwisho. Pastory alikuwa ameacha kuandika. Mgeni alivua miwani, akaweka mkono kifuani, akasema maneno mengi kwa upole. Nilijua tumeshinda.

"Anasemaje?" watu wakauliza.

Honorata alitugeukia.

"Anasema ninaongea Kiingereza kizuri sana. Anauliza nilisoma wapi."

Tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga, mwanamke mmoja akapiga na vigelegele, na mimi nilipiga kuliko wote kwa sababu yule ni mke wangu. Makofi yalipokuwa yanakwisha ndipo mzee Havyarimana alipouliza, "Na amazi? Maji je?"

Honorata akageuka akauliza tena, kwa kifupi safari hii. Mgeni akajibu, akiwa bado anatabasamu naye.

"Sema, Mama Esther," alihimiza Leonardi.

"Anasema kokoto zimo kwenye mkataba, yeye hawezi kusimamisha. Anasema ataandika ripoti. Tuendelee kuchemsha maji." Akaikaza kanga yake. "Na anasema mchana huu wana mkutano Simbo. Anaomba niende nao kwenye gari nikawatafsirie watu wa kule, kwa sababu ninayasema mambo haya vizuri kumshinda Pastory."

Nilisimama nikamwambia yule mgeni kila kitu kilichokuwa tumboni mwangu, kwa Kiswahili, kwa Kiha, kwa mikono. Nilimwambia mtoto wangu amelazwa sasa hivi. Nilimwambia anywe yeye kikombe kimoja tu, mbele yetu. Hakukasirika. Alimgeukia Honorata kusubiri tafsiri, na Honorata, sijui alitoa wapi nguvu, akamtafsiria yote. Alitafsiri kwa sauti ndogo, akinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona wazi kwamba anachofurahia ni jinsi yale maneno yalivyopangwa. Nilikaa chini. Sikujua ningeongeza nini, kwa lugha ipi.

Gari likaenda Simbo na Pastory. Sisi tukarudi hospitali kwa bodaboda moja. Kilimani juu tulisikia katapila likinguruma.

Esther alikuwa amekaa kitandani, ameegemea kifua cha bibi yake, anachezea mpira wa dripu. Alituona, akacheka. Muuguzi akaja akamfinya ngozi ya tumbo kuona kama maji yamerudi mwilini, akaridhika.

"Mmebahatika," alisema. "Akiendelea hivi kesho namruhusu, mwende naye nyumbani."

Mama yangu akasema alhamdulillahi, ingawa yeye ni Mkristo, amezoea kwa majirani. Mimi nilitazama sakafu. Honorata alimshika muuguzi mkono.

"Dada, naomba," alisema. "Mkalisheni hapa kidogo."

"Si nimekwambia amepona?"

"Nimesikia. Naomba mkae naye mpaka mvua zikatike."

Muuguzi akacheka, akampigapiga begani, akaenda kitanda kingine.