Mapigo ya Marehemu

Maji ya kumwoshea Ngatiman yalikuwa tayari ndooni. Mke wake, Tukinem, alipokunja mkono wa shati la marehemu, akaona saa. Taa ya kijani ilikuwa ikimulika chini yake, na kwenye kioo, pale panapoandikwa mapigo ya moyo, palisomeka sitini na nane.

Aliuachia mkono ule kama umemuunguza.

"Msimguse," alisema. "Yu hai."

Mzee Jumali, mwosha maiti wa kijiji, alimshika shingo tena, akamwekea kioo puani. Akasema huyu ameshapoa tangu alfajiri na kaburi limekwisha chimbwa. Tukinem hakusikia la mtu. Alikuwa amemlalia mumewe kifuani, anamsugua viganja, anamwita. Namba ikapanda hadi sabini. Wanaume waliosimama mlangoni wakarudi nyuma, na mmoja akanong'ona kuwa kumzika mtu hai ni kuua.

Sarwono, mdogo wake marehemu, uvumilivu ukamwisha.

"Shemeji, nipe hiyo saa."

Akaivua kwa nguvu, akatoka nayo hadi uani, majirani walikokuwa wakipika chakula cha msiba. Tukinem alimfuata akilia kwamba anamuua kaka yake. Sarwono akaokota lontong moja, wali uliofungwa kwa jani la mgomba, mnene kama mkono wa mtu, akauvisha saa. Taa ikamulika. Wakangoja wote, miiko mikononi.

Sabini na nne.

"Haya," alisema Sarwono. "Na huyu naye tumkimbize hospitali?"

Tukinem aliukodolea macho ule wali. Sarwono akashusha sauti, akamweleza kwamba saa inamulika tu na kukisia. Isipoona damu, inabuni.

"Inabuni," Tukinem alirudia. Akakaa chini kwenye machicha ya nazi.

"Juzi," aliendelea, "alirudi kutoka shambani kashika kifua, anataka kwenda zahanati. Nikaangalia saa. Nikamwambia moyo wako mzima, acha kudeka, kamalizie kukata miwa."

Sarwono alibaki na ule wali mkononi, hajui auweke wapi. Kutoka ndani, Mzee Jumali aliuliza kama waendelee.

"Waendelee," Tukinem alisema mwishowe. "Lakini wayapashe moto yale maji. Hapendi baridi."