Tundu la Tatu

Mwalimu alipostaafu kufundisha fizikia, watu walitegemea atafuga kuku au atashona mashuka. Yeye akafungua injini. Aliishusha kutoka kwenye pikapu yao kuukuu, akaitandaza vipande vipande katika chumba walichokuwa wakilala watoto kabla ya kuoa na kuolewa, na kila kipande akakibandika karatasi yenye namba, kwa mwandiko uleule uliowatoa jasho wanafunzi miaka thelathini. Hamu hiyo alikuwa nayo tangu usichana wake. Aliiweka kando kwa ajili ya nepi, uji na madaftari ya kusahihisha, na sasa hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia aiweke kando tena.

Silinda hedi mpya, yaani kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya pistoni, aliiagiza mbali, ile ya bei chee isiyo na jina la maana, ikachukua miezi minne kufika. Ilipofika aliimulika ndani kwa tochi, akaguna. Matundu manne ya kuingizia hewa yalikuwa yamejaa vinundu na makunyanzi, utadhani aliyeisubu alikuwa anawahi basi.

"Injini haiwezi kupumua hapa," alimwambia mumewe. "Inabidi tusage ndani mpaka hewa ipite bila kujikwaa. Ni kazi ya mkono mwepesi. Daktari, naomba unisaidie."

Mumewe alikuwa daktari wa meno, naye mstaafu vilevile. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa mkewe alikuwa amemwagiza mengi na kumwamuru mengi zaidi, lakini kumwomba, tena kwa sauti ile laini, hakukumbuka. Alijisikia bwana harusi. Siku hiyohiyo akatoa sandukuni vichwa vyake vidogo vya kusagia meno, kile kioo chenye mpini mrefu, na taa ya kufunga kwenye paji la uso.

"Ila angalia," Mwalimu alimwonya. "Hizi za bei rahisi kuta zake huwa nyembamba. Nyuma ya ukuta kuna njia ya maji ya kupoza injini. Ukitoboa, maji yanaingia yasipotakiwa, na hedi nyingine sina."

"Mama, nimechimba meno ya majitu yaliyokuwa yakinipiga mateke. Kitu kilichotulia juu ya meza ndicho kitanishinda?"

Na kweli alianza vizuri. Tundu la kwanza lilimchukua siku mbili, la pili siku moja. Alichovya kichwa cha kusagia kwenye mafuta ya taa kisizibwe na aluminiamu, akasaga kidogo, akapapasa kwa kidole cha mwisho, akasaga tena. Nyusi zake zilijaa vumbi la fedha. Aliimba. Akimaliza sehemu aliiambia hedi, "Haya, sukutua," halafu akaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Mkewe akimsikia kutoka jikoni alikuwa hana mbavu.

Jumanne asubuhi, Mwalimu akiwa sokoni, Daktari aliingia tundu la tatu. Hapo kwenye kona aliona kinundu kimoja kinamchokoza. Akasema kidogo tu. Akasema kidogo tena. Mara mlio ukabadilika, ukawa mwembamba, na alipomulika kwa kioo akaona kitobo cha ukubwa wa punje ya mchele, na nyuma yake giza.

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akifikiria ile miezi minne na ile sauti laini. Mtu mwingine angeanza kutunga maelezo. Lakini daktari wa meno akiona tundu, mikono yake haingoji ruhusa. Alipanua kingo kwa nyuma ili kijazo kishike, akasafisha, akachanganya gundi ya chuma ile ya mirija miwili, akajaza, akaiacha ikauke, akaing'arisha mpaka hata yeye hakuona mshono.

Atamwambia kesho, alijiambia. Kesho ikafika akasema keshokutwa, huku akisaga tundu la nne kwa woga, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupima. Mwalimu alikuwa ameunda kipimo chake mwenyewe: mashine ya kufyonza vumbi iliyofungwa chini ya hedi, na mrija wa plastiki wenye maji mekundu, umefungwa kwenye rula. Hewa ikipita kwa wingi, maji yanapanda. Kabla ya kazi yalikuwa yakiishia sentimita kumi na moja. Tundu la kwanza likasoma kumi na nne. La pili, kumi na nne. Mwalimu akaandika huku akitabasamu. La tatu, maji yakapanda, yakapita kumi na nne, yakatulia kwenye kumi na saba.

"Kumi na saba!" Alipima tena. Akapima mara ya tatu. Kisha akatupa kalamu, akamshika mumewe mikono, akamzungusha chumba kizima huku mashine ikinguruma, wakanusurika kukanyaga pistoni iliyotandazwa sakafuni. "Daktari! Hapa umefanya nini?"

"Nimeufuata mkono tu," alisema Daktari.

"Basi ufuate huohuo kwenye matatu yaliyobaki. Nataka yote kumi na saba!"

Hapo maji yakamfika shingoni. Kufika kina kile kwenye matundu yale mengine ni kutoboa mara tatu zaidi. Angeweza kusingizia mkono umechoka. Lakini mkewe alikuwa anamtazama kwa macho ya msichana, na kuyadanganya macho yale hakuweza.

"Mwalimu, nilitoboa. Pale nimeziba kama jino."

Mwalimu alizima mashine. Alichukua kioo, akachungulia muda mrefu. Kisha akaziba matundu ya njia ya maji, akajaza maji ya moto, akaunganisha pampu ya baiskeli.

"Shika taa. Likitoka tone, sema."

Alipampu, akatazama saa. Dakika kumi. Daktari hakupepesa. Pale mahali palikuwa pakavu kabisa.

"Hakuna kitu," alinong'ona.

Mabega ya mkewe yakaanza kutikisika. Daktari alidhani analia, kumbe anacheka, mpaka akajishikiza mezani.

"Kwa hiyo ndiyo maana hukuwa unakula? Mimi nimekupikia uji siku tatu nikidhani ni tumbo!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kwenye kumi na saba." Alifuta machozi, akatazama tena rula. "Ile gundi imebaki?"

"Imebaki."

"Toboa."

"Mama! Ikija kuvuja je?"

"Itavuja tukiwa tumeshakwenda mbali."

Katika miaka yake yote ya kazi, Daktari hakuwa ameogopa kitu kama kupitiliza kina. Sasa alichovya kichwa cha kusagia kwenye mafuta, mkewe akamshikia taa, akaingia tundu la kwanza. Alisaga mpaka mlio ukabadilika, na Mwalimu akapiga kigelegele.