Nilipoanzia Mlangoni

Goti langu la kulia lilikuwa likilia "ko" kila nilipoinuka, na kwa fundi vigae hilo si la ajabu. Ila lilipoanza kuuma na kuvimba, shemeji yangu, ambaye ndiye mwenzangu kazini, akashupalia niende hospitali. Nikamtilia shaka papo hapo. Tulikuwa tumepata ghorofa zima la kuweka vigae, fundi mkuu nikiwa mimi, na nani asiyekitaka cheo hicho? Nyumbani mke wangu naye akaanza wimbo uleule. Nikasema moyoni, hawa ni kaka na dada, wameshakaa kikao.

Basi nikaficha. Nilifunga goti kitambaa ndani ya suruali, nikajichagulia chumba cha chini cha peke yangu, mlango nikaurudishia.

Kila fundi huanzia ukuta wa mbali akirudi nyuma hadi mlangoni, ili atoke bila kukanyaga vigae vibichi. Mimi siku ile nilianzia mlangoni, niutazame, shemeji akichungulia nimwone kabla hajaona ninavyoinuka kwa taabu. Nikimaliza, ningetokea dirishani.

Nilipofika ukutani goti likakwama. Halikunjuki wala halikunjiki. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu, na nikijaribu kukanyaga naona nyota. Nilitambaa juu ya vigae vyangu mwenyewe, saruji mpaka viwikoni, nikamwita yuleyule niliyekuwa namkwepa.

Alinipeleka hospitali. Daktari alisema goti likitoa mlio tu, bila maumivu, mara nyingi halina neno.

"Lakini likivimba, likikwama, au ukishindwa kulikanyagia, usingoje. Wewe ulikuwa unangoja nini?"



Niliporudi kazini nikichechemea, mwenye nyumba alinipa pole, akasema ameshamsamehe shemeji kwa kuharibu kile chumba. Kumbe shemeji aling'oa vigae vyote, akavipanga upya, na lawama akabeba yeye. Mimi bado nilikuwa fundi mkuu. Hilo nalo likanitia wasiwasi.

Nikaingia kile chumba na mpini wa nyundo, nikagonga kigae kimoja kimoja nikisikiliza kilicho tupu chini, alama ya kazi mbovu. Sikukipata. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Ubaya wako," nikamwambia. "Sijauona."